Mbawakawa wa milimita 3, picha ninazo 40 ila jina sipati

Jani_na_Lenzi:
Wakuu habari. Nina kama miezi minne sasa napiga picha vidudu vidogo, hasa mbawakawa, natumia kamera ya kawaida na lenzi ya mm 50 niliyoigeuza nyuma mbele kwa ile pete yake. Jana nimemkuta mmoja juu ya jani lililojaa vitundu kama limechomwachomwa na pini, urefu wake milimita 3 hivi, bluu ya kung'aa, ukisogeza kichwa kidogo anakuwa kijani. Nimempiga picha 40 zote kwa juu nikapandisha iNaturalist, ile programu ya kutambua viumbe kwa picha, mara inanipa familia hii mara ile, moja ikasema mdudu kibibi kabisa. Nikiweka f/22, yaani tundu la lenzi dogo kabisa, ili mwili wote uingie kwenye fokasi picha inakuwa kama ina ukungu, nikifungua tundu mgongo unaonekana vizuri ila miguu hamna kitu. Na flashi inaacha doa jeupe katikati ya mgongo. Nakosea wapi? Nilitaka nimsogelee zaidi akatoweka palepale, sikuona hata akifungua mabawa.

Papasi11:
Hapo mwisho ndo umetoa jibu mkuu. Kutoweka bila kufungua mabawa maana yake karuka kwa miguu. Rudi kwenye picha zako uangalie miguu ya nyuma, kama paja limevimba kuliko ya mbele basi huyo ni katika wale mbawakawa wanaoruka kama viroboto, wamo kwenye familia ya Chrysomelidae, walaji wa majani, na hivyo vitundu ni kazi yao. Rangi usiitegemee sana, bluu ya namna hiyo inatokana na tabaka nyembamba sana za gamba zinazorudisha mwanga, ndo maana inageuka kijani ukisogea, na wako mbawakawa kibao wasio na undugu wa karibu wanaong'aa hivyohivyo.

Tatizo ninaloliona mimi ni picha 40 za upande mmoja. Afadhali sita za pande tofauti hata kama hazijakolea sana: juu, ubavu, uso, tumbo, papasi (zile pembe nyembamba za kichwani) na nyayo. Nyayo watu wengi wanaziruka na ndo zinazosema mengi. Hesabu pingili zake. Kwa walaji majani na fukusi utahesabu 4 lakini kwa kweli ziko 5, ya nne ni ndogo mno imejificha kwenye mpasuko wa ile ya tatu. Mdudu kibibi utaona 3 kumbe 4. Papasi za mdudu kibibi ni fupi zina kirungu mwishoni, za huyo wako nategemea ziwe kama uzi, kwa kawaida pingili 11. Ukiwa na hivyo viwili programu ikikuletea mdudu kibibi unamkataa mwenyewe.

Tundu_la_nane:
Nijibu la ukungu. Lenzi ikiwa imesogea hivyo namba unayoisoma sio inayofanya kazi, kwenye ukubwa wa moja kwa moja (mdudu kwenye kihisi cha kamera ni mkubwa sawa na alivyo) f/22 inakuwa karibu na f/44, mwanga unapita kwenye kitundu kidogo mno unatawanyika, ndo huo ukungu. Baki f/5.6 au f/8, piga picha 15 hadi 30 huku unasogeza kamera mbele kidogokidogo, halafu uziunganishe kwenye programu. Nenda alfajiri kukiwa na baridi, wanakuwa wazito kutembea. Na lile doa jeupe ni flashi yenyewe unaiona kama kwenye kioo, zungushia karatasi nyeupe nyembamba uisogeze karibu kabisa na mdudu, mwanga ukija kutoka eneo pana mgongo unaonyesha hadi vinukta vyake.

Kichupa:
Mimi alfajiri sijawahi kufanikiwa na hawa warukaji dada Tundu, ukigusa jani tu kaondoka. Namtia kwenye kichupa cha kioo, friji dakika chache (friji, sio friza), anatulia, namweka juu ya karatasi ya milimita namaliza vipimo kabla hajachangamka, kisha namrudisha kwenye mmea wake. Tumbo unalipiga akiwa anatembea kwenye kioo. Ila mkizoea kukamata kuweni macho na Paederus, naye ni mbawakawa, mwembamba, mweusi na chungwa, mabawa mafupi, ukimsaga kwenye ngozi maji yake yanababua.

Na ndugu Jani andika jina la mmea, kwa hawa walaji majani hilo linapunguza orodha kuliko picha nyingine yoyote. Spishi usiilazimishe, wengi wanatofautishwa kwa kupasua dume na kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini, ukifika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) umefika mbali na ni rekodi halali.

Jani_na_Lenzi:
Asanteni sana, nimerudi kwenye mmea uleule nimewakuta watatu. Paja la nyuma ni kweli limevimba, kwa ubavu linaonekana hata bila kukuza. Papasi ni uzi, nimehesabu mara tatu nimepata 11. Nyayo naona 4, hiyo ya tatu imepasuka katikati kama kwato, ya nne iliyojificha bado. Mmea siujui jina, napiga ua na jani lake leo, na kichupa kiko friji.