Misitu ya Chile: tuache kupanda misonobari kwa ajili ya mnyama wa gramu 30?

Mtundu wa Msitu: Wakuu, huko kusini mwa Chile tangu sheria ya 1974, serikali ilipoanza kurudishia watu asilimia 75 ya gharama za kupanda miti, misonobari na mikaratusi imemeza sehemu kubwa ya msitu wa asili. Humo ndimo anamoishi mnyama mdogo anaitwa monito del monte, ana gramu 20 mpaka 40 na watoto anawabeba kwenye mfuko. Mimi nasema mashamba mapya yasimame. Nyie je?

Bonge: Watu wakose kazi kwa ajili ya panya? Mti ni mti, ukikata unapanda mwingine.

Mwl. Zuhura: Panya tangu lini ana mfuko? Huyo ni jamaa wa kangaruu, tena kwa damu yuko karibu na wenye mfuko wa Australia kuliko majirani zake wenye mfuko hapohapo Amerika Kusini. Msome kwanza.

Bonge: Kwa hiyo mimi sijasoma? Sura ya panya, mkia wa panya, naita panya.

Mwl. Zuhura: Mkia wa panya gani unashika tawi? Na huo wake shinani unavimba mafuta, ndiyo akiba ya kulalia baridi yote, mapigo ya moyo kutoka 230 kwa dakika yanashuka chini ya 30. Panya wako wa stoo akifika 30 unamzika.

Babu Seif: Samahani wanangu, Chile na Australia wapi na wapi? Alivuka na nini?

Mtundu wa Msitu: Kwa miguu, babu. Enzi hizo ardhi ilikuwa moja, Antaktika ina misitu, wakapita humo. 1982 mwanasayansi mmoja, Szalay, ndiye aliyeona mifupa ya kifundo cha mguu inafanana na ya wale wa Australia. Ila turudi kwenye msitu jamani! Kuna mmea kimelea unaoota juu ya miti, unaitwa quintral, unachanua baridi kali, ndege mvumaji anaishi kwa maji ya ua hilo wakati mengine hayapo. Tunda lake analila huyu mdogo, na mbegu isipopita tumboni mwake haioti. Anainya inanata kwenye tawi, ikiwa na nyuzi za ulimbo. Mtoe yeye uone.

Kidawa: Nasikia wengine huko wakimkuta ndani wanasema nuksi, wanachoma nyumba yenyewe.

Bonge: Si mnaona! Wenyewe hawamtaki.

Mwl. Zuhura: Bonge, bundi akitua kwenu unachoma nyumba au unakata msitu? Jibu.

Bonge: Mfuko nimekubali, mwalimu, usinigombeze. Ila mwenye heka zake tano na watoto wa kusomesha, apande nini? Tangu asubuhi hakuna aliyenijibu hilo.