Siku mbili za mapumziko Muscat: ni zangu, za bosi, au za waliobaki Mombasa?

Mwenye mada, Kisauni

Asalaam aleikum wana Mombasa. Mwezi uliopita kampuni ilinituma Muscat, peke yangu, kwa shughuli za makontena. Kazi ikaisha Alhamisi jioni, na ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, basi nikajikuta na siku mbili nzima.

Ijumaa asubuhi nikatoka mbio kwenda soko la Mutrah na karatasi ya maagizo mkononi: udi wa shangazi, mabuibui matatu, ubani, halua (halua, jamani, na natoka Mombasa!), na viatu vya mtoto wa jirani, nambari 34. Soko limefungwa. Ijumaa asubuhi maduka ya kule yamelala, ufunguzi ni alasiri. Jumamosi ikaishia kwenye kupatana bei, na usiku nikawa napima sanduku, natoa hiki natia kile. Sikuona kitu Muscat ila mizani.

Nimefika kazini Jumatatu, bosi ananiambia, "Wewe si ulipumzika kule? Basi leo utachelewa kutoka."

Mie nasema hivi: uliyetumwa kazi ukaimaliza, siku iliyobaki ni yako. Bosi asiihesabu, na ukoo usiigawe. Anayepinga aje na hoja, si matusi.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Wee mwanangu, waliokuombea dua usiku kucha ndege isipate shari ni akina nani, bosi wako? Zamani mabaharia wetu wakirudi, mtaa mzima ulinusa sanduku likifunguliwa. Safari ya mmoja ilikuwa furaha ya wengi.

Ila viatu hapana. Hapo hata mie ningekataa. Udi na ubani hupimwa kwa gramu, unatia mfukoni na unaondoka. Aliyekuagiza viatu vya mtoto nambari 34 ilhali Marikiti iko hapo, huyo hakutaka viatu, alitaka kukujaribu.

Karani mstaafu, Ganjoni

Tutenganishe mambo. Wa kampuni binafsi afanye atakavyo. Mtumishi wa umma je? Tiketi na marupurupu yake ni kodi ya mama muuza viazi karai. Nimekaa ofisini miaka mingi, nimeona mkutano wa siku mbili ukiandikiwa barua ya siku sita. Haikutokea bure hiyo 2023 serikali kubana safari za nje zisizo za lazima. Siku ya bure inayolipwa na wengine si ya bure.

Mwenye mada, Kisauni

Mzee wangu, mie sikuongeza hata saa moja. Ndege walinikatia wao.

Mwanachama wa chama cha wafanyakazi, Makupa

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi lazima uipumzikie nyumbani kwako. Bosi anayekulipisha Jumatatu kwa sababu ulilala hoteli anakosea.

Lakini kuna upande ambao watu huusahau. Fidia ya kuumia kazini hufuata ajali iliyotokana na kazi. Ukivunjika mguu bandarini ukikagua makontena, una madai. Ukivunjika ukipanda mlima Jumamosi kwa raha zako, jiandae kubishana. Uhuru wa siku hiyo una bei yake, kwa hivyo soma bima yako kabla hujatoka uwanja wa ndege wa Moi.

Mama wa Tudor

Nilikwenda Muscat mafunzoni, siku tano, peke yangu. Swali la kwanza la kila mtu hapa: "Na mume amekubali?" Mwanamume akienda huulizwa ataleta nini. Mwanamke huulizwa nani kamruhusu. Hilo nalo ni deni kwenye siku yako, kaka, ila wewe hukulipa.

Aliyenitoa uwanja wa ndege alikuwa dereva mzee, na kumbe Kiswahili chake cha Unguja safi kuliko changu. Wako wengi kule, wazee wao walirudi kutoka Zanzibar baada ya 1964. Nikachukua nambari yake. Ijumaa akanipeleka Nizwa, kama kilomita 160, kwenye mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka na mbuzi kwa kamba, wanunuzi wamewazingira, bei zinapigiwa kelele, na kabla ya swala ya Ijumaa yote yamekwisha. Wakati wewe unatazama milango iliyofungwa Mutrah, mie nilikuwa nakanyagwa na beberu.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Na dereva mwanamume, peke yako, kilomita zote hizo?

Mama wa Tudor

Bi Mkubwa, alinipa simu nizungumze na mkewe njia nzima. Tulimalizia kwa kupikiana wali.

Mtembeza wageni, Mji wa Kale

Kila siku nawaeleza Wazungu habari za Fort Jesus, halafu kijana wetu anafika Muscat anarudi hajatazama ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno walewale! Zinaonekana juu ya majabali, hulipi kitu. Wareno walitolewa Muscat 1650 na Imamu Sultan bin Saif, ndiye aliyejenga ule mnara wa duara wa Nizwa. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyeitwaa Fort Jesus Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Baba kule, mwana huku. Mmombasa akiona hayo kwa macho yake ameleta nyumbani kitu kizito kuliko buibui, na uwanja wa ndege hawakipimi.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Kizito sawa. Kinanukia?

Mwenye mada, Kisauni

Bi Mkubwa umeniua. Karani, hoja yako ya kodi naikubali kwa wale wa barua za siku sita. Huenda nikatumwa tena kabla mwaka haujaisha. Mama wa Tudor, mulitoka saa ngapi, na huyo mzee naweza kupata nambari yake?

Mama wa Tudor

Saa kumi na moja alfajiri. Nambari nitakupa ukishanionyesha ile karatasi ya maagizo umeichana.