Mrejesho: poka ya karata saba nyumbani

Asalaam aleikum jamani. Niliuliza mbona, katika poka hii ambayo kila mtu hupewa karata saba, tatu za siri na nne za wazi, karata zinatuishia kabla ya mgao wa saba tukicheza wanane hapa Kisauni. Ahsanteni sana, kosa lilikuwa la hesabu: 8 mara 7 ni 56, na karata ziko 52. Sasa tunacheza sita, zinatosha na zinabaki.

Dau tulilifuata mlivyosema, kwa mbaazi kavu, 150 kila mtu: kiingilio 1, mwenye karata ndogo kabisa ya wazi anafungua kwa 2, dau 4 hadi karata ya nne, 8 kuanzia ya tano. Kuanzia ya nne, mwenye karata za wazi zenye nguvu zaidi kwa pamoja (mfano jozi) ndiye anaanza kusema. Hapo ugomvi wa nani aanze umekwisha kabisa.

Kilichoshindikana ni kukariri karata za wazi za waliojitoa, zilizotupwa. Mtu ana kopa nne, anang'ang'ania ya tano ili apate tano za aina moja, kumbe kopa sita zilishaonekana kwa wengine; zimebaki tatu tu! Kwa sasa kila mmoja anahesabu aina anayoitafuta yeye peke yake, na hilo linawezekana.