Mrejesho: mgongo na vidole, ugonjwa bado hauna jina

Ndugu zangu, ni mimi wa Masasi niliyeuliza kuhusu mgongo unaokaza alfajiri na vidole vinavyovimba. Nilienda Mtwara mjini. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kimetoka hasi, eksirei ya nyonga safi. Roho iliniuma, maana nilitaka jina tu!

Daktari akanieleza kuwa majibu hayo hayaufuti ugonjwa: eksirei huweza kuchelewa miaka kuonyesha madhara kwenye maungio ya nyonga na uti wa mgongo, MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) huona mapema zaidi. Kilichomshtua ni kwamba nikilala naumia, nikitembea napata nafuu. Mgongo uliochoshwa na kuokota korosho, kama mama alivyodhani, hauwi hivyo. Nimepewa rufaa ya Dar.

Aliyeniuliza hapa kuhusu jicho, maana ugonjwa wa maungio wa aina hii huweza kugusa na macho, ahsante sana: liliwahi kuwa jekundu na kuuma, nimemwambia daktari.