Vifaranga wa wiki nne na baridi ya Julai Dodoma: wahamie bandani, watoke mchana tu, au wabaki ndani?

Mfugaji_Ihumwa:
Habari zenu wafugaji. Nina vifaranga chotara wa Kuroiler (aina ya kuku) wanaoingia wiki ya nne, wako chumbani kwenye bruda ya duara, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, wanatumia balbu. Vumbi la maranda limejaa nyumba nzima na watoto wanakohoa. Banda la nje limekamilika: tofali hadi kiunoni, juu wavu, paa la bati, sakafu ya saruji. Naona njia tatu: kuwahamisha moja kwa moja, kuwatoa mchana na kuwarudisha jioni, au kuvumilia hadi wiki ya sita. Maelekezo mengi ninayokutana nayo ni ya wafugaji wa Dar, na usiku wao si kama wetu. Mnanishauri nini?

Mama_Nkuhungu:
Mwanangu, watoe mchana, jioni warudishe. Mimi ndivyo nifanyavyo kila kipupwe. Wanapata jua, wanaparua, wanazoea nje taratibu. Ila uwe na tenga la kuwabebea na mtu wa kukusaidia, na saa kumi jioni wawe wameshaingia, usisubiri upepo uanze.

Kuku_Kibaigwa:
Shikamoo mama. Hiyo inafaa kwa vifaranga thelathini, arobaini. Wakiwa mia mbili, kuwakamata kila siku ni kuwatesa. Wanakanyagana kwenye tenga, na kifaranga aliyeshtuka hali vizuri.

Tuanze na joto lenyewe. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzijoto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kwa hiyo wiki ya nne anahitaji karibu 24. Mchana wa Julai hapa Dodoma unafika 26 hivi, hapo hana shida. Usiku unashuka hadi 13 au 14, na upepo juu yake. Pengo la nyuzi 10 liko usiku peke yake, kwa hiyo ndugu yangu, kuna njia ya nne: hamisha joto, usihamishe vifaranga kila siku.

Chukua kona moja ya banda, izungushie karatasi ngumu au mabati mepesi kwa duara, pasiwe na pembe. Vifaranga wakipigwa baridi hurundikana kwenye pembe na wa chini wanakosa hewa. Maranda mazito, kina cha kiganja. Balbu yako ihamie hapo. Umeme ukikatika, jiko la mkaa liwe tayari, limekaa juu ya matofali, limezungushiwa wavu. Mchana ondoa kizuizi watembee banda zima, usiku warudishe ndani ya duara. Wenyewe watafuata mwanga.

Mbukwenyi_Wote:
Mbukwenyi! Mimi nasema subiri wiki ya sita. Mkaa hauuzwi bei ya jana, na kulala unaliwaza jiko kila usiku si kazi ndogo. Kifaranga mwenye manyoya kamili anajipa joto mwenyewe.

Kuku_Kibaigwa:
Kusubiri ni sawa kama chumba kina nafasi. Wiki ya sita wanataka mita moja ya mraba kwa kuku 10 hivi. Wakibanana wanaanza kudonoana mkia, na hewa ya mkojo inawaharibu macho na mapafu. Ya watoto wanaokohoa ndiyo usiseme.

Afisa_Mifugo_Mpwapwa:
Naunga mkono njia ya nne, lakini mwenye mada hajatuambia habari ya chanjo, nayo kwangu ina uzito kuliko balbu. Je, wameshapata ya mdondo (kideri) na ya gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshusha kinga ya vifaranga? Kinga ya mdondo huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kiangazi ndicho kipindi ambacho mdondo huwa mkali vijijini. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Usichanje na kuhamisha siku moja, ni mzigo juu ya mzigo.

Pili, kuna kuku wakubwa hapo nyumbani? Wasikae banda moja na hawa. Kuku mkubwa anaonekana mzima kumbe kinyesi chake kina vimelea vya kuhara damu.

Mfugaji_Ihumwa:
Asante sana daktari. Mdondo na gumboro wamepata, kinga imeshakomaa. Matetea ya kienyeji yapo, yanalala jikoni, bandani hayajawahi kuingia. Nakwenda na njia ya nne. Mnipe neno kuhusu siku yenyewe ya kuhama, na huo wavu wa juu niufunge kabisa?

Mama_Nkuhungu:
Hamisha asubuhi, wapate mchana mzima wa kujua maji yako wapi. Vyombo viwe vilevile walivyovizoea. Usiku wa kwanza nenda ukawasikilize: wakilia kwa sauti kali wamepata baridi, wakitawanyika huku wanahema midomo wazi joto limezidi. Na ziba kila tundu la chini, kicheche anapita penye ngumi.

Kuku_Kibaigwa:
Wavu usiufunge wote, hasa ukitumia jiko. Sumu ya mkaa haina harufu, hata mkaa ukiwa mwekundu usio na moshi bado inatoka. Weka turubai upande wa mashariki, upepo wetu unatokea huko. Ligongelee kwa chini, ulivute kwenda juu kwa kamba, na uache uwazi wa shubiri moja chini ya bati. Upepo unapita juu ya vifaranga, hewa mbaya inatoka.