Technics SL-1200G au Linn LP12? Sakafu yangu ni ya mbao, naombeni ushauri

Kipepeo33
Habari zenu wakuu. Nimedunduliza miaka sita ninunue mashine moja ya santuri ya kukaa nayo mpaka uzeeni, na zimebaki mbili: Technics SL-1200G na Linn Sondek LP12. Zote nimezisikiliza, kila moja kwa siku yake. Kwenye Linn mwimbaji alikuwa na pumzi kabisa, nikasikia midomo ikifunguka kabla ya neno. Kwenye Technics kilichonikamata ni piano: noti ndefu ya mwisho ilikaa palepale mpaka ikazimika, haikupinda hata chembe.

Shida ni chumba. Nakaa ghorofani, sakafu ya mbao. Karibu na mlango kuna ubao mmoja, mtu akiukanyaga tu sindano ya mashine niliyonayo inaruka. Nina watoto wawili, kwa hiyo ubao huo haupumziki. Halafu marehemu baba aliniachia kasha la santuri za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ambazo sijawahi kuzipiga. Spika na amplifaya sibadilishi. Nichukue ipi?

Santuri Kongwe
LP12, usijiulize mara mbili. Inatengenezwa Scotland tangu miaka ya 1970, na hata ya zamani sana unaiwekea beringi mpya, mota mpya, mkono mpya wa kubeba sindano, maisha yanaendelea. Yangu nimeifanyia hivyo mara tatu. Sahani na mkono vimebebwa na springi tatu, na mkanda wa mpira unazuia mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Ukiweka santuri unasahau kama kuna mashine.

Fundi Mkono
Mzee wangu Santuri Kongwe, heshima yako, ila ule ubao umeuruka. Springi zinachuja vizuri mitetemo ya haraka, kama ile inayopanda kwenye meza kutoka kwenye spika. Hatua ya mtu kwenye sakafu inayonesa ni msukumo wa polepole, mara chache tu kwa sekunde, na hapo springi zinaanza kucheza pamoja na sakafu. Niliwahi kuitwa kuangalia LP12 iliyofungwa vizuri kabisa, kila springi imepimwa, lakini mwenye nyumba alikuwa ananyata kila santuri ikilia. Tulipoihamishia kwenye rafu ya ukutani, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo Kipepeo, kabla hujatoa hela, weka glasi ya maji pale unapotaka kuweka mashine, mtoto apite juu ya ubao, uangalie maji. Kisha shikilia glasi hiyohiyo ikiwa imegusa ukuta, apite tena.

Kuhusu 78, LP12 haina mwendo huo. SL-1200G inao, pamoja na 33⅓ na 45. Lakini usizipige kwa sindano ya LP, zile santuri za 33⅓! Mifereji ya 78 ni mipana zaidi, sindano ndogo inazama mpaka chini na kukwaruza uchafu. Kwenye Technics kichwa kinachobeba sindano kinatoka kwa kulegeza pete moja. Unafunga kingine chenye sindano ya 78, unapima upya uzito wa sindano juu ya santuri, unapiga.

Dada wa Besi
Mbona hakuna aliyegusa katriji, kile kipande chenye sindano kinachogeuza mtetemo kuwa umeme? SL-1200G inauzwa bila katriji, hiyo ni bajeti nyingine. Na amplifaya yako ina fono, yaani sehemu ya kukuzia sauti ndogo ya katriji, ya aina gani? Katriji ya MM (sumaku ndiyo inayotembea) inatoa kama milivolti 3 hadi 5, za MC (koili ndiyo inayotembea) nyingi hazifiki hata milivolti 1. Ukifunga MC kwenye fono ya MM utapandisha sauti mpaka mwisho na utakachosikia ni mvumo tu.

Kipepeo33
Asanteni sana, nimefanya vyote. Juu ya meza maji yalipiga mawimbi mpaka ukingoni, na mtoto hakukimbia, alitembea tu. Kwenye ukuta, ambao ni wa matofali, hayakutikisika. Fono yangu ni ya MM peke yake.

Nachukua Technics, na katriji nzuri ya MM. Linn itaniuma, ile pumzi ya mwimbaji bado ninayo masikioni. Ila nataka kuzisikia santuri za baba. Fundi, rafu ya ukutani itaibeba?

Fundi Mkono
Mashine peke yake ni kilo 18 hivi. Tafuta rafu ya chuma, boliti ziingie kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye plasta. Ukishafunga, hakikisha rafu iko sawa kwa pimamaji kabla hujagusa mkono.

Santuri Kongwe
Nimekubali, kwa 78 mimi sina jibu. Lakini sikiliza kijana wangu, usizisafishe kwa spiriti wala dawa yoyote ya LP yenye alkoholi. Santuri nyingi za 78 ni za sheleki, aina ya utomvu mgumu, na alkoholi inaiyeyusha. Utaifuta sauti kwa mkono wako mwenyewe. Tumia maji safi na kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mifereji, karatasi ya katikati isilowe, kisha zikauke zikiwa zimesimama.