Kikundi cha Ukoo: Idi anataka filimbi

Shangazi Mwajuma: Wanangu, daktari kamwambia Idi mpira basi. Goti lilipasuliwa, ile ACL, kano ya ndani ya goti, na kugongana hakutakiwi tena. Sasa anataka kusomea urefa. Mnaojua semeni, ila msimpe moyo wa bure.

Idi: Shikamooni wakubwa. Nafikiria nianze na kibendera, yaani refa wa pembeni, hakiumizi goti.

Mjomba Rajabu: Marahaba. Kibendera ndicho kinachoumiza! Refa wa kati anakimbia kwa mshazari, anageuka kwa nafasi. Wa pembeni anatakiwa awe sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda goli, kipa akihesabiwa, macho uwanjani muda wote. Kwa hiyo anakwenda kiubavu, anafunga breki, anarudi. Hata kipimo chao kina CODA, jaribio la kubadili mwelekeo: mita 10 mbele, 8 kiubavu, 8 kiubavu kurudi, 10 mbele, ndani ya sekunde 10.

Dada Neema: Kweli kabisa. Goti la ACL linavumilia mbio za kunyooka, linakataa kusimama ghafla na kukata kona. Idi, usiguse kipimo chochote kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, na hata hiyo 9 haitoshi peke yake. Ruka kwa mguu mmoja, pima kwa tepu, linganisha na mwenzake. Uliopasuliwa ufikie angalau 90%. Nguvu ya paja vilevile. Goti likiamka limevimba, jana ulizidisha.

Idi: Sawa dada. Na kipimo cha refa wa kati kikoje?

Mjomba Rajabu: Cha FIFA kwa wanaume ni mbio 6 za mita 40, kila moja sekunde 6, katikati sekunde 60 za kurudi. Ukikosa moja unapewa ya 7, ukikosa mbili nenda nyumbani. Unapumzika dakika 6 hadi 8, halafu mita 75 kwa sekunde 15, unatembea 25 kwa sekunde 18, mara 40. Jumla mizunguko 10 ya uwanja wa riadha, dakika 22. Madaraja ya chini muda unalegezwa kidogo.

Idi: Kilomita 4 tu? 😎

Mjomba Rajabu: Wachezaji wote husema hivyo 😂 Pumzi mnayo. Kinachowaangusha ni kuondoka na kusimama mara 40. Mtu kajogi barabarani miezi mitatu, mzunguko wa saba msuli wa nyuma ya paja unamkamata. Weka koni pembeni ya uwanja, 75 na 25, ujizoeze hapo. Anza na mizunguko 4.

Baba Mdogo: Mimi naongezea la uwanjani. Mchezaji akigeuka kuwa refa, anasimama palepale kiungo angeomba pasi. Mguu unampeleka wenyewe. Mpira unamgonga, na ukiingia golini, ukabadili timu au ukaanzisha shambulizi zuri, lazima asimamishe na kuudondosha, wengine wakae mita 4. Mara tatu kwa mechi na uwanja mzima umeshamchoka. Kaa nyuma na kushoto kidogo ya mchezo, mpira uwe kati yako na kibendera.

Baba Mdogo: Na krosi ikiruka, acha kuutazama mpira! Tazama wanaoruka. Viwiko viko huko.

Kaka Saidi: Ila kuujua mpira kunasaidia. Gaël Angoula wa Ufaransa alikuwa beki wa Bastia na Angers, leo ni refa.

Mjomba Rajabu: Kunasaidia kusoma faulo kabla haijatokea. Sheria ni habari nyingine, wachezaji wanajua za vijiweni. Idi, kipa akikaa na mpira mikononi?

Idi: Sekunde 6, mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.

Mjomba Rajabu: Ya zamani. Tangu msimu wa 2025/26 ni sekunde 8, na adhabu ni kona. Tano za mwisho unazihesabu mkono juu. Nyingine: beki kamnyima mtu bao la wazi ndani ya boksi, alikuwa anaugombea mpira. Penalti na kadi ya njano. Akimvuta jezi, nyekundu. Hapo ndipo mnapopigwa mtihani.

Shangazi Mwajuma: Kozi anaipata wapi?

Mjomba Rajabu: Aende tawi la wilaya la FRAT, chama cha waamuzi Tanzania, aulizie kozi ya awali. Anaanza daraja la tatu, anapanda la pili, la kwanza, beji ya FIFA ni baadaye sana. Mechi za watoto na ndondo kwanza.

Shangazi Mwajuma: Na vifaa? Nipe hesabu, msinizungushe.

Mjomba Rajabu: Filimbi mbili zisizo na kokwa, kile kigololi cha ndani, maana ya kokwa ikiingia mate au vumbi inakata sauti. Saa za mkononi mbili, moja haisimamishwi. Kadi, kila rangi mfuko wake, usije ukachomoa nyekundu kwa haraka. Penseli, ya wino haiandiki kwenye kadi iliyolowa. Sarafu.

Dada Neema: Na tepu ya mita 50. Iliyopo kwa Baba Mdogo irudishwe jamani.

Baba Mdogo: Inakuja Jumamosi 🙈